Uzi wa Gauni Lisilomalizwa

Dada yangu haogopi kitu. Naanza na yeye kwa sababu nikianza na mimi tutakesha. Mimi ni mwoga wa kuzaliwa. Nimepika kwenye bweni la shule tangu ujana wangu, nikakoroga masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani yake, na moto wa kuni ukinilamba nyusi, hayo hayakunitisha hata siku moja. Lakini niweke kwenye ngazi inayotembea yenyewe, au mtu mwenye sare aniulize jina langu, uone magoti yanavyogongana.

Dada ni fundi cherehani. Ana chumba chake kinachotazama barabara, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, picha za mitindo zilizopauka ukutani, na cherehani ya miguu anayoigombeza kama mume mlevi. Nimewahi kumwona akimtoa nje polisi mzima, na kofia yake, kwa sababu alitaka suruali yake ishonwe kabla ya gauni la bibi harusi. Polisi aliondoka akiomba radhi. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya pazia la kubadilishia nguo.

Ana ugonjwa mmoja tu, nao ni wa kazi: hawezi kuona uzi unaning'inia akauacha. Ukipita mbele yake na uzi kwenye pindo, umekwisha. Anakushika nguo, anabana mshono kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto, anauzungusha uzi kwenye kidole cha kulia, anakata kwa mvuto mmoja. Amewahi kumnyofoa mhubiri uzi wa joho katikati ya sala ya maziko. Amewahi kumsimamisha bibi harusi mlangoni, watu wote wameinuka, muziki umeshaanza. Wala hafikirii. Ukimuuliza baadaye kwa nini amefanya hivyo, anakuuliza amefanya nini.

Na akishakata, kama hana pa kuutupa, uzi huenda mdomoni. Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote, uzi kwenye pembe ya midomo, ncha yake ikilowa tayari kwa sindano. Uzi ukiwa mdomoni haongei. Ukimuuliza kitu anatikisa kichwa kukataa au anakiinamisha kukubali, basi. Macho yake ya karibu yaliharibika mapema; anaona mtu aliye ng'ambo ya barabara na kifungo kilichomlegea, lakini tundu la sindano halioni. Kwa hiyo binti yake, tangu akiwa mdogo wa kukaa chini ya meza, ndiye aliyekuwa macho yake. Kiganja kinanyooshwa, dada anatoa uzi mdomoni anauweka pale, mtoto anatia sindanoni, anarudisha. Hawakuwa wakisemezana. Niliwaona hivyo mchana kutwa, miaka na miaka.

Binti huyo ndiye wa pekee. Kwa dada ni mwana wa kumzaa, na kwangu, niliyekosa wangu, ni mwana vilevile. Alipopata nafasi ya kwenda kusoma nchi ya mbali, mambo ya sanaa na vitu vya kale, tulimsindikiza kwa vigelegele na tukarudi nyumbani kulia. Alipomaliza akapata kazi hukohuko, kwenye jumba la makumbusho, kuwaongoza wageni na kuwaeleza wanachokiona. Dada alijisifu kwa kila mteja. Mteja akitoka, ananiambia kwa sauti ya chini, "Namwomba Mungu amrudishe. Halafu naona haya, naomba asinisikilize." Alikuwa akisema hivyo huku anapiga pasi, na mimi nilikuwa nikikaa kimya kwa sababu nilikuwa naomba hayohayo.

Basi binti akatualika. Alikuwa kwenye muda wa majaribio, na siku moja ilikuwa imepangwa ambapo mkuu wake angefuatana naye na kundi la wageni, amsikilize mwanzo hadi mwisho. Akipita, anaajiriwa moja kwa moja. Asipopita, kazi imekwisha, na kibali cha kuishi kule kinakwisha pamoja nayo. "Nataka muwepo siku hiyo," alisema kwenye simu. "Kuna kitu nimewawekea mwisho kabisa. Sisemi ni nini."

Sitasema mengi juu ya ndege. Nilishika mkono wa dada tangu ilipoanza kukimbia mpaka iliposimama, na yeye alilala.

Kule binti alituzungusha kama watalii wenye haraka. Alitupeleka kwenye ukumbi wa michezo ya kuigiza, taa zikazimwa zote, na mimi nikashika mkoba nikijua tumeibiwa. Alitupeleka kwenye nyumba ya michoro, vyumba vinavyofuatana, vyeupe, vimenyamaza, na kila kona kiti na mlinzi juu yake anayekutazama miguu. Kulikuwa na sanamu ya mtu mzima wa nta aliyekaa kwenye benchi. Nilimwamkia, hakuitikia, nikaudhika, halafu nikaelewa na nikataka kukimbia. Dada alicheka mpaka akakaa chini. Yeye alikuwa anatembea humo mikono nyuma, kidevu juu, kama mwalimu mkuu anayekagua mabweni. Mbele ya mchoro mmoja mkubwa, wa mabaka mekundu na meusi tu, alisimama muda mrefu.

"Umeelewa nini hapo?" nikamuuliza.

"Sijaelewa. Lakini aliyefanya hivi hakuwa na mchezo," akasema.

Mikono nyuma haikuwa madaha. Binti alikuwa ametuonya kila asubuhi, kabla hatujatia mguu nje. "Mama, mama mdogo, nawaomba sana, msiguse kitu. Hata kidogo. Hata ukuta." Na dada alikuwa amekula kiapo, akacheka, akasema ataifunga mikono yake kwa kamba ikibidi.

Siku yenyewe ikafika. Binti alivaa suti ya bluu ambayo mama yake alimshonea na kuja nayo kwenye sanduku. Hakugusa chai. Tulipofika mlangoni mkuu wake alikuwa ameshafika, mama mrefu mwembamba, miwani imepandishwa juu ya nywele. Nilimwita Miwani moyoni, na nikamwogopa papo hapo. Alitupa mkono mmoja mmoja, akatabasamu kidogo, akasema kitu. Binti akatufasiria: "Anasema karibuni sana, ameruhusu niwasemeshe kidogo kwa lugha yetu pale mwisho."

Wageni walikuwa kundi la kutosha, na binti akaanza. Sikuelewa neno, lakini nilielewa kwamba anaweza. Alikuwa anaonyesha chungu, watu wanakisogelea. Anashusha sauti, wanainama. Anasema kitu, wanacheka wote pamoja, hata Miwani. Dada alikuwa ananibana kiwiko kila wakicheka. Moyo wangu ulianza kutulia. Nikasema, huyu mtoto atapita, hapa hakuna cha kuogopa tena, na tutarudi nyumbani bila yeye.

Miguu yangu ndiyo iliyotuponza. Ilivimba kwenye ndege na haikuwa imerudi. Binti akaniona nahema, akaja upesi, akaninong'oneza, "Mama mdogo, chumba cha mwisho kina benchi. Tangulieni mkakae, tutawakuta hukohuko." Tukatangulia. Mlinzi wa mlangoni alitutazama, akatuona wazee wawili wanaochechemea, akageuza uso.

Kilikuwa chumba kidogo chenye mwanga hafifu, kuta zimefunikwa kitambaa cheusi. Katikati kulikuwa na kitu kimoja tu: gauni jeupe la harusi limevishwa kwenye kiwiliwili kisicho na kichwa, na kamba nyekundu imezungushwa usawa wa magoti. Halikuwa ndani ya kabati la kioo. Pembeni kulikuwa na kibao chenye maandishi ya kule. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye benchi, nikavua viatu, nikafumba macho. Kwa hiyo sikuona dada anasimama. Nilimsikia tu.

"Maskini," alisema. "Wanakuja watu kuangalia, na mwanangu ndiye anayewaonyesha."

Nilipofumbua macho alikuwa ameinama juu ya ile kamba, mkono wa kushoto umebana mkono wa gauni, wa kulia unavuta. Mvuto mmoja. Akanyooka, akarudi kukaa, ametulia kama mtu aliyefuta vumbi kwenye meza ya jirani.

"Dada!" nikamwambia. "Umefanya nini?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. Akataka kunijibu, akashindwa, kwa sababu pembe ya midomo yake kulikuwa na uzi. Hapo ndipo na yeye alipojua. Nikaona rangi inamtoka usoni. Nikatazama mlangoni, mlinzi bado amegeuka. Nikatazama gauni, halina kitu, limesimama vilevile. Nikajiambia, uzi tu. Nguo ina nyuzi maelfu. Nani atajua?

Wakaingia.

Binti alisimama mgongo ukielekea gauni, akatuangalia sisi wawili kwenye benchi, uso umejaa furaha mpaka nikainamisha macho. Akaanza kuwaeleza wageni kwa lugha yao, polepole sasa, sauti ya chini. Wageni wakasogea. Wakaanza kuinama, kunyoosha shingo, kutazama mkono wa gauni. Mmoja akahamia upande wa pili. Mwingine akamnong'oneza mwenzake. Miwani, aliyekuwa amesimama nyuma na mikono amekunja, akashusha miwani yake kutoka kwenye nywele. Nikajua kuna jambo, na bado sikujua ni lipi.

Kisha binti akatugeukia, akasema kwa lugha yetu:

"Mama, hili ndilo nililokuwekea. Hili gauni mama mmoja alikuwa anamshonea binti yake. Mkono wake mmoja ulibaki kidogo tu akaugua, akafa, sindano ikiwa bado kwenye nguo. Walitaka kumwita fundi mwingine amalizie. Binti akakataa. Akaolewa nalo hivihivi, na uzi wa mama yake unaning'inia kwenye mkono. Maisha yake yote hakumruhusu mtu aukate. Kila nikileta wageni hapa nakufikiria wewe. Tazama, mama, uzi wenyewe ndio…"

Akageuka kuuonyesha.

Kidole chake kilikuwa kimenyooka na hakikuwa na cha kuonyesha. Akasogea. Akazunguka upande wa pili, kama wale wageni. Akarudi. Akainama mpaka pua ikakaribia kitambaa, mikono yake mwenyewe ameificha mgongoni. Aliponyooka alikuwa na uso wa mtoto aliyevunja kitu cha watu.

Miwani alisema neno moja kwa mlinzi, na mlango ukafungwa.

Hapo nilichungulia kaburi. Nilijua kabisa tunakwenda jela, mimi na dada, jela ya ugenini ambako hata kuomba maji sijui nitaombaje. Mlinzi mwingine akaingia na tochi, akapiga magoti, akaanza kumulika sakafu. Binti naye akapiga magoti, na ile suti yake ya bluu, akawa anapapasa zulia kwa ncha za vidole huku anasema kitu kilekile tena na tena kwa lugha ya kule. Nadhani alikuwa anaomba msamaha. Wageni walirudi nyuma mpaka ukutani, kila mmoja anatazama viatu vyake. Yule mlinzi wa kwanza akanyoosha kidole juu, kwenye kona ya dari. Kulikuwa na kijicho cheusi pale, kamera, kinatutazama.

Nikamsogelea dada sikioni. "Meza," nikamwambia. "Dada, nakuomba, meza!"

Akatikisa kichwa.

"Atamwaga unga mtoto! Meza, tutasema hatujui!"

Akatikisa kichwa tena, machozi yanamshuka, midomo ameikaza. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kumwona dada anatetemeka. Magoti yake yalikuwa yanagonga benchi, na mimi mwoga ndiye niliyekuwa nimemshika. Kilichoniumiza ni kwamba angeweza kumeza. Ulikuwa uzi mwembamba usiozidi shibiri, chai ingetosha kuuteremsha. Lakini alikuwa ameshasikia ni uzi wa nani.

Binti akainuka. Akaja kwetu, magoti yake yana vumbi. "Mama, ninyi ndio mlikuwa wa kwanza humu. Hamkumwona mtu? Mtu yeyote?"

"Hatukumwona mtu, mwanangu," nikasema mimi, na sikuwa nimesema uongo.

"Mama?"

Dada akamtazama. Hakusema. Na binti aliyekulia chini ya meza ya fundi, aliyeuona mdomo ule umefungwa hivyo kila siku ya utoto wake, akaacha kuuliza. Niliona anavyoelewa. Ilianzia machoni, ikashuka, mabega yakalegea. Akageuza kichwa, akamtazama Miwani aliyekuwa anazungumza na mlinzi, bado hajatuona. Akautazama mlango. Akamtazama tena mama yake. Alikuwa na nafasi ya kuondoka pale akasema hawajui kitu wazee hawa, na nadhani kamera yenyewe haikuwa na macho ya kuona uzi.

Akanyoosha kiganja.

Dada akautoa uzi mdomoni, umelowa, akauweka pale kama alivyouweka maelfu ya mara. Chumba kizima kilituona.

Tulipelekwa kwenye ofisi ndogo yenye meza na mtungi wa maji. Miwani hakupiga kelele, na hilo lilinitisha kuliko kelele. Alivaa glavu nyembamba, akauchukua uzi kwa kibano, akauweka kwenye kisanduku cha kioo, akauliza. Binti akafasiri, sauti yake haina kitu ndani: "Anauliza umeutoa kwenye tundu lipi hasa. Wanataka kujua kama unaweza kurudishwa palepale."

"Sijui," dada akasema.

"Jaribu kukumbuka, mama."

"Sijui, mwanangu. Sikuwa na miwani. Mkono ndio uliofanya, mimi nilikuwa nakufikiria wewe. Niliona watu watakucheka, wataona unawaonyesha nguo haijasafishwa nyuzi. Mwambie ni mimi. Mwambie wewe hukuwepo. Mwambie wanifunge mimi."

Binti alifasiri. Sijui alisema yote au alisema nini. Alisema kwa muda mrefu kuliko dada, na kati ya maneno yake nililitambua moja tu, lile la kule la kuita mama, kwa sababu alitufundisha siku tuliyofika. Miwani akamsikiliza mpaka mwisho. Akavua glavu. Akamjibu kwa ufupi, akatoka, na hatukufungwa.

Jioni ile kwenye nyumba yake ya chumba na jiko, binti alipika na hatukula. Alikuwa anaosha sahani safi. Akauliza bila kugeuka, "Mama, ulitaka nirudi nyumbani?"

Dada alikuwa amekaa, mikono ameiweka chini ya mapaja yake. "Nilitaka," akasema. "Nataka kila siku. Sikufichi."

"Mama mdogo aliniambia zamani unaliombea."

Nikatamani ardhi ipasuke. Ni kweli nilimwambia, kwenye simu, katika kumpa umbea wa nyumbani.

"Naomba," dada akasema. "Lakini uzi sikuutoa kwa hilo. Naapa kwa aliyekuumba. Ningejua ni uzi wa nani ningekata kidole changu kwanza."

Binti akafunga bomba. Alifuta mikono, akaja akambusu mama yake kichwani, akasema amechoka, akaingia kulala. Hakusema kama ameamini. Siku zilizobaki alitupeleka kila alipokuwa amepanga kutupeleka, nyumba za muziki, mitaa yenye michoro ukutani, akatueleza yote kwa upole, na hakusema. Uwanja wa ndege alitukumbatia wote wawili na hakusema. Dada alikuwa anamtazama usoni kama mshtakiwa anavyomtazama hakimu.

Tuliporudi, dada yangu asiyeogopa kitu akaanza kuogopa mkono wake mwenyewe. Alishona, ndiyo, lakini nguo zilitoka na nyuzi zake. Wateja wakalalamika. Mke wa yule polisi alirudi na gauni lina uzi kama mkia wa panya, akadhani anatukanwa. Dada alimpa mkasi akamwambia akate mwenyewe. Mtu akiingia na uzi kwenye kola, namwona dada anaingiza mikono chini ya meza na kuibana kwa magoti. Simu ikiita anaruka. Niliacha kumtania, na mtu anayenijua atakwambia hilo si jambo dogo.

Kisha simu yenyewe ikaita, ni binti. Uzi haukuweza kurudishwa. Wameuweka kwenye kisanduku chake pembeni ya gauni, na kazi ya kudumu wamempa mtu mwingine. Kibali kimeisha. Anarudi.

Mtu angedhani tutapiga vigelegele. Dada aliweka simu chini akaniambia, "Nimesikilizwa," akafunika uso kwa kitambaa alichokuwa anakishona. Alikuwa anaogopa kuliko siku ile kwenye benchi. Kule aliogopa mtoto atafukuzwa. Sasa aliogopa mtoto atashuka kwenye ndege akiwa ameamini kwamba uzi ulitolewa makusudi, na kwamba ataishi naye nyumba moja, atamwamkia kila asubuhi kwa heshima zote, na hatamwamini tena.

Tulikwenda kumpokea. Tulisimama kwenye uzio wa chuma wanakotokea wasafiri, dada mikono ameipachika kwapani. Niliuliza mara mbili kama anaumwa, akatikisa kichwa. Watu wakawa wanatoka na masanduku, wanalia, wanacheka. Kisha akatoka yeye, amekonda, amevaa ile suti ya bluu. Alikuja mpaka mbele yetu, akasimama.

Na pale kwenye kola ya suti, upande wa kushoto, kulikuwa na uzi unaning'inia. Labda mkanda wa mkoba uliusugua safarini. Mimi niliuona, kwa hiyo dada alikuwa ameshauona tangu mtoto yuko mbali kule mlangoni. Nikaona mkono wake unachomoka kwapani, unapanda. Ukafika nusu ya njia ukasimama hewani. Vidole vikajikunja. Akaurudisha, akaushika kwa mkono mwingine, ameinamisha kichwa.

Binti aliona yote hayo. Akaweka sanduku chini. Akauchukua ule mkono wa mama yake, akaufungua kidole kimoja kimoja, akauweka kwenye kola yake.

"Kata, mama," akasema.